Je, si kutonesha kidonda?

Ukurasa wa Bi Mwanaidi, muuguzi mstaafu wa afya ya akili, Tanga

Mwezi huu nimechukua barua tatu tu, kwa sababu ya kwanza inahitaji nafasi. Majina ya walioandika nimeyaondoa. Mtoto ninayemtaja kwenye jibu la kwanza bibi yake amenipa ruhusa, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.

SWALI

Shikamoo Bi Mwanaidi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muheza. Mwaka jana mwezi wa tisa dada yangu alifariki kwenye ajali ya basi, wakirudi kutoka Korogwe yeye na mwanawe. Mtoto alikaa naye siti moja. Yeye alivunjika mkono tu. Baba yake aliondoka zamani na hatujui alipo, kwa hiyo mtoto nimemchukua mimi. Ana miaka 13, yuko darasa la saba.

Mkono umepona. Ila mwenyewe sijui nisemeje. Usiku anashtuka anapiga kelele, mara nyingine anaita "breki, breki". Anakojoa kitandani, kitu ambacho hakuwa nacho. Analala na ndala miguuni. Nikimvua, alfajiri nakuta amezivaa tena. Barabara ya lami hataki kuipita, anazunguka kwenye mashamba ya michungwa ndiyo afike shule, anachelewa, anachapwa. Mama yake hamtaji. Mtu akimtaja, yeye anatoka nje. Siku ya arobaini wenzake wanakula pilau, yeye tulimkuta nyuma ya nyumba kwenye migomba, amejikunyata.

Bibi yake alisema ana jini. Tukaenda kwa mganga, tukatoa kuku mweupe na shilingi elfu sitini. Tukaenda kwa shehe akamsomea siku tatu, halafu shehe mwenyewe akaniambia, mama, huyu mpeleke hospitali. Zahanati wakatupa dawa za malaria na vitamini. Sasa jirani yangu anasema wapo washauri wanaokaa na mtoto mpaka asimulie yote yaliyotokea. Mume wangu hataki kusikia. Anasema hayo ni mambo ya wazungu, mtoto anataka asahau na sisi tunataka kumkumbusha. Na mimi naogopa. Je, si kutonesha kidonda?

Mama mdogo, Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu dada yako.

Sentensi yako ya ndala nimeirudia mara tatu. Katika miaka 24 ya kazi hii nimekutana na watoto wanaolala na viatu, wanaolala wameegemea mlango, wanaolala uvunguni. Mtoto anayelala na ndala miguuni anajiweka tayari kukimbia. Kichwani anajua kwamba ajali ilikwisha mwezi wa tisa, lakini mwili wake bado uko ndani ya basi. Gari likikanyaga breki huko nje, moyo unadunda, jasho linamtoka, na usiku mkojo unampita, kama vile basi linapinduka sasa hivi.

Hali hiyo tunaiita kiwewe. Siku za mwanzo baada ya balaa karibu kila mtu huwa nayo, na wengi hutulia taratibu wakiwa na watu wao, bila daktari. Ikipita mwezi mzima na mtoto bado anashtuka, bado anakwepa, bado anaota, hapo inahitaji tiba. Nyinyi mna miezi saba.

Sasa neno lako la kutonesha kidonda. Kabla sijahamia afya ya akili nilifunga vidonda wodi ya upasuaji miaka minne, kwa hiyo hili nalijua kwa mikono yangu. Kipo kidonda kilichojifunga juu na usaha uko chini. Ukikigusa tu, mgonjwa anaruka. Muuguzi hakiachi hivyo kwa kuwa kinauma. Wala hakipasui kwa wembe wa kwanza aliouona, mtoto ameshikwa mikono na miguu huku watu wanatazama. Hofu yako ni ya hilo la pili, na hapo uko sahihi kabisa. Kumweka mtoto katikati ya ukumbi, wajomba na mashangazi wamemzunguka, "haya, tuambie, ilikuwaje?", huko ndiko kutonesha. Msifanye hivyo, na mtu akitaka kufanya mzuieni.

Tiba anayoisema jirani yako haiendi hivyo. Nikueleze mtoto mmoja.

Alikuwa na miaka 11, anatoka kijiji cha pwani kusini mwa Tanga. Baba yake alikuwa mkwezi. Siku moja alianguka kutoka juu ya mnazi, mtoto yuko chini anatazama. Bibi yake alipomleta kwangu ulikuwa mwezi wa nane tangu msiba. Halali, hachezi, na kubwa lililomleta bibi ni kwamba hali kitu chochote chenye nazi. Pwani nyumba gani haina tui? Mtoto amebaki mifupa, na nyumbani wakadhani anadeka.

Wiki tatu za mwanzo hatukumgusa baba kabisa. Nilimfundisha kupumua. Unamlaza chali, unamwekea kikombe cha plastiki juu ya kitovu, anatakiwa akipandishe na kukishusha polepole bila kukiangusha. Kisha nikampa kete kumi za bao, zikawa kipimo chetu: hofu ikiwa ndogo anatenga mbili, ikimbana anatenga saba, ikimshinda anazisukuma zote kumi mbele yangu. Siku ya kwanza nilipotaja neno "mnazi" alizisukuma zote, mbili zikaanguka chini ya meza. Bibi naye alikuwa humo humo ndani, anajifunza kikombe na kete kama mjukuu wake, kwa sababu mimi mtoto ninaye saa moja kwa wiki na saa zote zilizobaki anaye yeye.

Wiki ya nne tulianza kuandika kisa chake kwenye daftari dogo la shule. Tulianza na yasiyouma: baba alivyonoa panga jioni, wimbo aliouimba akiwa juu. Kete mbili. Wiki iliyofuata, asubuhi ya siku yenyewe: nani aliamka wa kwanza, chai ilikuwa na nini. Kete tano. Akifika saba tunasimama, tunarudi kwenye kikombe. Kila wiki tunasoma upya tangu ukurasa wa kwanza, na kila wiki kisa kinasogea mbele kidogo. Mara ya tano akaandika mstari mmoja pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, herufi ndogo ambazo nilivaa miwani kuzisoma: "Mimi ndiye niliyemwomba dafu."

Zaidi ya miezi minane mtoto yule alikaa na neno hilo. Aliamini amemwua baba yake, na watu wote wanamwambia akaze moyo, yeye ni mwanamume.

Sikumwambia "usiseme hivyo". Mtoto ukimwambia usiseme hivyo ataitikia ndiyo, na neno litabaki naye. Nilimuuliza baba alipanda minazi mingapi siku ile kabla ya huo. Hakujua. Nikamuuliza nani anaweza kujua. Akamgeukia bibi yake. Wakwezi hulipwa kwa mnazi, na mwenye shamba alikuja na hesabu siku ya matanga, kwa hiyo bibi alijua. Akamwambia, "Baba yako alikodiwa kuangua shamba lile tangu Jumatatu. Ule ulikuwa mnazi wa kumi na nne siku hiyo. Ungeomba usingeomba, angeupanda." Mtoto alinyamaza muda mrefu. Halafu akaomba penseli, akaandika chini ya mstari wake: "Angeupanda tu."

Wali wa nazi alikula wiki ya kumi na moja, vijiko viwili. Bibi yake alinipigia simu kunieleza. Nilikuwa sokoni Mgandini, nikaweka kikapu chini nikalia.

Nimekueleza kwa urefu ili uone tofauti. Mtoto alisimulia kwa kipimo chake mwenyewe, akiwa ameshajua namna ya kujituliza, na mtu wake yuko kando. Kijana wako naye huenda ana mstari wake wa penseli. Watoto waliotoka hai pale mzazi alipofia huwa nao mara nyingi: mimi ndiye nilitaka dirishani, mimi ndiye nilisema tuondoke leo. Usimchimbe kuutafuta. Ila ujue kwamba huenda upo, na kwamba kunyamaza kwake hakuna maana ya kusahau. Mtu aliyesahau hazunguki mashamba ya michungwa. Anakwepa, na kila siku anayokwepa anapata nafuu ya siku moja huku ile lami ikizidi kumtisha.

Kuhusu mume wako. Ni kweli, tiba hii iliandikwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Lakini imejaribiwa hapa kwetu, Moshi, na kwa jirani zetu Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowashika watoto wale hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo hayo, waliofunzwa na kusimamiwa, wakazungumza na watoto kwa lugha zao. Watoto walikutana kwa makundi mara 12, mara moja kila wiki, na mlezi naye akiwa na kundi lake. Halafu kila mtoto akapata vikao vichache vya peke yake, na humo ndimo kisa kilimosimuliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Bungoma, mjini na vijijini, waliopata tiba walipungukiwa na kiwewe kuliko wenzao wasioipata, na baada ya mwaka mzima tofauti ilikuwa bado ipo. Moshi mjini nako tiba ilionekana kuwazidi wenzao ilipomalizika, lakini baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Namwambia mume wako yote, pamoja na hilo la Moshi, kwa sababu simuuzii dawa ya miujiza. Nataka tu ajue kwamba imepita mikononi mwa watu kama yeye na mimi.

Haya, sasa la kufanya. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini, na najua unachofikiria: nitamfikishaje huko na gari lenyewe ndilo analoliogopa? Usimpakie kwa nguvu. Anzieni hospitali ya wilaya hapo hapo Muheza, mnafika kwa miguu. Ukifika mapokezi usiseme "hajisikii vizuri", utarudishwa na vitamini nyingine. Sema: "Mtoto alikuwa kwenye ajali iliyomwua mama yake miezi saba iliyopita, halali, anakojoa kitandani, anaogopa barabara. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii." Andika kwenye karatasi kama ulivyoniandikia mimi, uwape. Wampime pia mkojo na sukari, maana kukojoa kitandani kunaweza kuwa na sababu nyingine na ni vizuri kuiondoa.

Ukimpata mshauri, muulize maswali mawili. Je, umefunzwa kutibu watoto wenye kiwewe? Na mimi mlezi nitakuwa na sehemu gani? Akikujibu kwamba wewe usubiri nje mpaka mwisho, tafuta mwingine. Suala la barabara nalo litakuja kwa ngazi, kwa kete zile zile: leo mnasimama mbali mnaitazama lami, wiki ijayo mnasogea, baadaye mnakwenda stendi mnaomba kupanda basi lililoegeshwa mnakaa tu mnashuka, halafu kituo kimoja. Makonda wengi wakielezwa huwa waungwana, nimewaona.

Shuleni nenda mwenyewe kabla ya wiki hii kwisha. Muone mwalimu mkuu, mweleze kwa nini mtoto anachelewa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Lakini kwa mtoto huyu mimi ningeomba hata hicho kimoja kisiwepo. Anachapwa kwa kuogopa. Ukipata cheti cha hospitali, nakala moja iende shule.

Godoro livishe nailoni, shuka lifuliwe bila maneno, na watoto wengine wa nyumbani waambiwe kwamba hilo halichekwi. Ndala mwache nazo. Atazivua mwenyewe.

Shehe wako mpelekee salamu zangu. Kama mtoto anatulia akisomewa, aendelee kusomewa, haviingiliani. Kwa mganga msirudi, elfu sitini ile ingelipa nauli.

Na nyumbani mtajeni mama yake. Hili ndilo gumu na najua wewe pia ni mfiwa, dada amekutoka. Usianze na ajali. Anza na alivyopika, alivyocheka, alichokuita wewe mlipokuwa wadogo. Mtoto akitoka nje usimfuate, endelea kuzungumza kwa sauti ya kawaida ili asikie huko aliko. Ipo siku atasimama mlangoni.

Jambo la mwisho: akisema anataka kumfuata mama yake, au kwamba angekufa yeye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa zote na sumu za shamba mzifungie kuanzia leo. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, haina malipo, unaweza kupiga wewe na anaweza kupiga yeye.

SWALI

Shikamoo Bi Mwanaidi. Nina miaka 20, niko mwaka wa pili katika chuo kimoja Dodoma. Tangu nilipomaliza kidato cha sita sijawa sawa. Naamka nimechoka. Kuoga tu ni kazi, siku nyingine naacha. Nguo zangu ziko kwenye beseni wiki mbili. Marafiki wananiambia nina stresi, nitoke nikatembee. Daktari alinipa fluoksetini, nikameza siku tisa, nikaona kichefuchefu tu na hakuna mabadiliko, nikaacha. Rafiki yangu mmoja anasema hizo ni dawa za vichaa na ukizianza huachi maisha yako yote. Ni kweli? Wakati mwingine naona ni afadhali nisingekuwepo.

Binti, Dodoma

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umeliweka mwisho, mimi naanza nalo. Barua yako ilipofika sikungoja toleo. Mhariri ameniunganisha nawe, tumeshazungumza kwa simu, na umenikubalia nijibu hapa kwa ajili ya wenzako. Nilikuuliza wazi kama unafikiria kujiua. Wapo wanaoamini kwamba ukimuuliza mtu hivyo unampa wazo. Humpi. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu aliyeuliza. Kwa hiyo wewe unayesoma na una rafiki anayesema "bora nisingekuwepo", muulize kwa maneno hayo hayo, ukae naye, na umsindikize hospitali. Kumwambia muuguzi kwamba mawazo ya kufa yanakujia si kosa. Ni habari anayoihitaji ili akutibu.

Ulicho nacho kina jina, ni sonona. Siku hizi kila kitu tunakiita stresi au msongo wa mawazo, na hapo ndipo wagonjwa wanapotupotea. Msongo una kitu kinachousababisha: mtihani, ada, mpenzi. Kitu kikiondoka, nao unalegea. Sonona inakaa hata pasipo na kitu, inachukua usingizi, hamu ya kula, nguvu za kuinua beseni, halafu inakuambia wewe ni mvivu.

Dawa. Fluoksetini hailevi na haikufanyi uitamani. Kichefuchefu huja siku za mwanzo na kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Imeze asubuhi baada ya kula. Nafuu yenyewe huchelewa, hesabu wiki nne hadi sita, kwa hiyo siku tisa ulikuwa hujafika hata nusu ya safari. Rudi kwa daktari, mweleze uliacha na kwa nini. Hatakugombeza, na akikugombeza muombe daktari mwingine. Ukianza tena, wiki za mwanzo onana naye mara kwa mara, maana kwa vijana wa umri wako mawazo ya kufa yanaweza kuzidi kabla hayajapungua, na hilo linahitaji jicho la mtu. Ukipata nafuu usiache ghafla. Kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi, kisha daktari anapunguza taratibu.

Lakini dawa peke yake sikupendekezei. Omba pia vikao vya mazungumzo. Mshauri mzuri hatakuambia utoke ukatembee. Atakuuliza katika beseni lile mna nguo ngapi, na mtakubaliana ufue moja tu. Moja, saa kumi jioni, kesho. Utaniambia hamu haipo. Najua, usiingoje, kwenye sonona mkono hutangulia na hamu huja nyuma, kidogo, kwa kuchelewa. Jioni ile uliponiambia kwenye simu kwamba umefua blauzi, uliona ni kitu cha kuchekesha. Mimi niliiandika kwenye daftari langu.

Na hilo la "dawa za vichaa". Uko Dodoma, jina la Mirembe unalisikia likitumiwa kama tusi kwenye daladala. Ile ni hospitali, imesimama tangu 1927, na imerudisha makwao watu wengi ambao majirani walishawakatia tamaa. Rafiki yako hana nia mbaya. Mchukue siku moja akusindikize kliniki, aone watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Atakuta wanafunzi wenzenu.

SWALI

Mama Mwanaidi, habari. Mimi ni baba, ninaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tulitoka Fizi, Kongo. Binti yangu ana miaka 16. Aliona mambo mabaya akiwa na miaka 8, na si mara moja. Vita, mto, msitu, halafu ndugu yake. Akitaka kueleza, anachanganya yote, analia, anaacha. Nimesikia kule Uganda waliponya watoto wakimbizi kwa kamba na mawe. Hiyo ni uganga?

Baba, Nyarugusu

JIBU

Nzuri, baba, na pole kwa safari ndefu. Si uganga. Ni tiba iliyotungwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na kule Uganda ilitumika kambini Nakivale, pamoja na watoto wa Kisomali. Imetungwa hasa kwa watu kama binti yako, ambao balaa haikuwafika siku moja ikaisha.

Kamba inalazwa sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Mtoto anaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila baya, kubwa au dogo, kwa mpangilio wa miaka. Ncha ya mbele inaachwa imekunjwa, maana miaka hiyo bado. Halafu kila kikao wanasimama kwenye jiwe moja tu: alisikia nini, alinusa nini, mwili ulifanya nini, yuko wapi leo. Mshauri anaandika, kikao kinachofuata anamsomea, wanasahihisha, wanasonga jiwe jingine. Mwisho binti anakabidhiwa kisa chake kimeandikwa chote.

Umesema anachanganya yote. Ndivyo kumbukumbu za kiwewe zinavyokaa, hazina tarehe wala mahali, mto unaingia ndani ya msitu. Kamba inazipa mahali. Usimfanyie mwenyewe nyumbani, hata ukipata kamba nzuri na mawe. Jiwe likimwangukia asubuhi, nani atakuwepo wa kumshika? Nenda kituo cha afya cha kambini, ulizia huduma ya afya ya akili, uulize kama yupo aliyefunzwa tiba hii au nyingine ya kiwewe cha watoto.

Uombe mambo mawili. La kwanza, aruhusiwe kusimulia kwa Kibembe kama ndiyo lugha aliyoisikia siku zile, hata ikibidi awepo mkalimani. La pili ni gumu kwako. Mawe mengine huenda hataki wewe uyasikie. Muulize anataka nani akae naye, mama, dada au mshauri peke yake, na atakayemtaja awe huyo.